Kutengeneza Sauti kwa Kinanda cha Umeme

Neno kinanda ni la zamani katika lugha yetu. Hapo kale watu wa pwani walikiita kwa jina hilo chombo cha nyuzi, namna ya gambusi. Vilipokuja vyombo vya kigeni vitoavyo sauti kwa mivukuto, navyo vikaitwa vinanda. Na gramafoni ilipofika, ikaitwa kinanda vile vile. Leo mtu wa Tanga akitaja kinanda, aghalabu ana maana ya kile cha umeme, chenye vipande vyeupe na vyeusi, ambacho husimamishwa harusini juu ya miguu ya chuma, waya zake zikiingia katika spika kubwa kama kabati.

Vinanda vingi vya namna hiyo vina sauti zilizokwisha kuwekwa kiwandani. Mpigaji huchagua nambari, akapata fidla. Huchagua nyingine, akapata tarumbeta. Lakini viko vinanda vingine ambavyo mpigaji aweza kuunda ndani yake sauti isiyokuwamo. Chombo cha kuundia sauti huitwa sintesaiza. Habari za kuunda huko ndizo nitakazowaeleza, kwa kadiri mtu aanzaye awezavyo kuzishika. Wala msidhani ni lazima kuwa na mali ili kujifunza. Siku hizi ziko programu za sintesaiza za bure, ziwezazo kutumika katika simu.

Sina budi kuanza na aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa kijana niliitwa kupiga kinanda cha kuazima katika harusi moja mtaa wa Ngamiani. Nikatazama orodha ya sauti zake, nikaona mojawapo ina jina la chombo cha ukoo wa zumari. Nikafurahi. Bwana harusi alipofika mlangoni, nikaipiga sauti ile kwa nguvu zote za spika. Palikuwa na mzee mmoja ameketi barazani, mpiga zumari tangu ujana wake. Alicheka hata ikambidi akiweke chini kikombe chake cha kahawa.

Asubuhi nilikwenda kumwona.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Wewe ndiye uliyepiga kile kitu jana?”

“Ndimi, babu.”

“Kilikuwa kitu gani?”

“Zumari, babu.”

“Zumari ya wapi?”

Sikuwa na jibu. Nimekuja kulijua baadaye. Zumari ina ndugu wengi duniani: iko ya Waturuki, iko ya Wahindi, iko ya Wachina, na kila moja ina sauti yake. Aliyeitia sauti ile katika kinanda alikuwa amesikia ndugu mmojawapo, wala si yetu. Hakukosa neno, aliweka alichokijua. Basi nikaazimia kuitengeneza zumari yetu mwenyewe, nikaona kwamba sijui hata sauti ni kitu gani.

Sauti ni mtetemo. Chukua rula, ubane ncha yake moja kwa kiganja juu ya dawati, ncha nyingine itokeze nje, kisha uipige kwa kidole. Utaiona ikienda juu na chini, na papo hapo utasikia mvumo. Sasa ivute ndani kidogo, sehemu itokezayo iwe fupi, uipige tena. Yatetema upesi zaidi, na sauti imepanda. Basi hapo umekwisha kujua jambo la kwanza: mtetemo ukiwa wa haraka sauti huwa nyembamba, ukiwa wa polepole sauti huwa nene. Wapigaji wa vyombo wamekubaliana sauti moja ya kulinganishia vyombo vyao, nayo hutetema mara 440 katika sekunde moja. Ukiipiga ile itetemayo mara 880, masikio hukuambia kwamba ni sauti ile ile, ila imepanda, kama baba na mtoto wake mdogo wakiimba wimbo mmoja. Sikio la kijana husikia tangu mitetemo kama 20 kwa sekunde mpaka karibu 20,000. Sisi tuliozeeka tumepoteza nyingi za juu.

Katika sintesaiza hakuna uzi wala ngozi. Mna kifaa kiitwacho osileta, ambacho huufanya umeme uende na kurudi, uende na kurudi, mara nyingi kwa sekunde. Umeme huo ukifika katika spika huisukuma na kuivuta karatasi iliyomo ndani, karatasi ikausukuma upepo, nao upepo ukafika sikioni mwako. Ukibonyeza kipande cha upande wa kulia, osileta huenda mbio. Cha upande wa kushoto, huenda taratibu.

Lakini mbona gambusi na zumari zikipiga sauti ya urefu mmoja, mara 440 zote mbili, hata kipofu hutambua ipi ni ipi? Hapa ndipo ilipo siri, na anayetaka kuunda sauti asiiruke.

Uzi wa gambusi ukitetema mzima, mara 110 kwa sekunde, papo hapo nusu zake nazo hutetema, mara 220. Na theluthi zake mara 330. Na robo zake mara 440, na kuendelea hivyo. Sikio halizisikii mbalimbali. Huzikusanya zote likasema, “Hii ni sauti moja ya gambusi.” Ile ya chini kabisa ndiyo mama, nazo nyingine humfuata kama vifaranga. Chombo kimoja kina vifaranga wengi wenye makelele, kingine kina wachache na wanyonge, na hiyo ndiyo tofauti kubwa ya sauti zao. Joseph Fourier, Mfaransa, katika kitabu alichokitoa mwaka 1822 kuhusu habari za joto, alionyesha kwa hesabu kwamba wimbi lolote lijirudialo laweza kugawanywa katika mawimbi sahili. Na Mjerumani Hermann Helmholtz, mwaka 1863, alitoa kitabu kikubwa kueleza jinsi sikio lizipokeavyo sauti zilizochanganyika hivyo. Watu hao hawakupata kuona kinanda cha umeme, lakini kila mwenye kukitumia leo ni mwanafunzi wao.

Osileta hutoa mawimbi ya maumbo mbalimbali. Yachore mchangani ukifika ufukoni Raskazone, utayakumbuka vizuri zaidi kuliko kuyasoma. Chora kwanza wimbi la mviringo, lipandalo na kushuka pole kama maji ya bandari wakati wa utulivu. Hilo halina kifaranga hata mmoja. Ni mama peke yake, na sauti yake ni kama ya mluzi mwororo. Kisha chora meno ya msumeno: mstari upande polepole, kisha ushuke ghafula. Hilo ndilo lenye vifaranga wote, nalo hulia kwa ukali, tena limejaa. La tatu chora kama vidato vya ngazi vya kupanda na kushuka, juu sawasawa na chini sawasawa. Hilo ni wimbi la mraba. Vifaranga wake ni wale wa hesabu ya tatu, ya tano, ya saba. Wa shufwa hawamo kabisa. Kwa hiyo sauti yake ina uwazi ndani, kama klarineti inapopigwa chini. Liko na la pembe tatu, ambalo vifaranga wake ni wale wale wa witiri, lakini ni dhaifu mno, basi hufanana na filimbi.

Kuyajua haya kwa macho hakutoshi. Mimi nilikaa jioni tatu nikipiga sauti moja tu kwa mawimbi hayo manne, moja baada ya jingine, mpaka mtu akibonyeza nami nimefumba macho niweze kulitaja wimbi. Ni kazi ya kuchosha, na majirani hawakuipenda.

Sasa twende kwenye jambo la pili, ambalo kila mtoto wa pwani amekwisha kuliona jikoni bila ya kujua. Mama akikuna nazi, hutia maji, akaikamua katika kifumbu. Tui hupita, machicha hubaki. Sintesaiza nayo ina kifumbu chake, huitwa kichujio. Osileta hutoa sauti iliyojaa kila kitu, na kichujio huzuia sehemu. Kile kitumiwacho zaidi hupitisha sauti za chini na kuzuia za juu. Kina kifundo cha kuzungusha: ukikifunga, vifaranga wa juu hunyamazishwa mmoja mmoja, sauti ikawa nene na yenye giza, ukikifungua, hurudi, sauti ikang'aa.

Ukitaka kukisikia kichujio bila ya chombo, pita usiku nje ya ukumbi wenye muziki, milango yake imefungwa. Utasikia besi na ngoma kubwa tu, dum, dum. Mtu akifungua mlango, mara njuga za matari na sauti ya mwimbaji hukurukia. Wanamuziki hawakubadili neno. Ukuta na mlango ndivyo vilivyokuwa kichujio. Tena unacho kichujio kingine kinywani mwako. Imba sauti moja, usiipandishe wala kuishusha, ukisema u, o, a, e, i pasipo kukata pumzi. Koo lako latetema vile vile tangu mwanzo hata mwisho. Kilichogeuka ni midomo na ulimi, navyo vimepitisha sehemu hizi na kuzuia zile. Irabu zote tano ni kazi ya kichujio. Nilipofahamu hilo nilistaajabu sana, maana nilikuwa nimetumia kichujio tangu nilipojifunza kusema, na nilidhani ni kitu cha mafundi wa Ulaya.

Karibu na kifundo hicho pana kingine cha kuongeza nguvu pale pale kichujio kinapokatia. Ukikizidisha, sauti huanza kubana na kulia kwa puani. Kumbukeni kifundo hiki, nitakirudia kwa ajili ya zumari. Lakini kiendeshwe kwa uangalifu: kikifika mwisho, vichujio vingine hupiga mluzi vyenyewe, na masikio huumia. Kwa hiyo kila mara punguza spika kwanza, ndipo ukizungushe.

Jambo la tatu ni umri wa sauti. Sauti huzaliwa, huishi, hufa, na vyombo havifanani katika hilo. Chapuo ikipigwa, sauti yake yote i pale mkono ulipogusa ngozi, kisha imekwisha. Kengele huzaliwa ghafula kama chapuo, bali hufa polepole sana. Zumari huhitaji kitambo kidogo cha pumzi kufika, kisha hukaa pale pale kwa muda wote mpigaji atakao, na akiacha, hukatika. Katika sintesaiza umri huo hupangwa kwa vifundo vinne. Cha kwanza ni muda wa sauti kupanda hata ukomo wa nguvu yake. Cha pili ni muda wa kushuka kutoka kileleni. Cha tatu si muda, ni kimo: ni kiasi gani cha nguvu kitakachobaki maadamu kidole kimekaa. Cha nne ni muda wa kufa baada ya kuondoa kidole. Wanafunzi wengi hukosea hicho cha tatu, wakidhani nacho ni muda kama wenziwe.

Msidharau mwanzo wa sauti. Ukikata kipande kidogo cha mwanzo katika sauti iliyonaswa, hata fundi wa muziki aweza kukosea asijue ni chombo gani. Sikio humtambua mgeni anapobisha hodi.

La nne nitalisema kwa ufupi. Mwimbaji wa taarabu akiishikilia sauti ndefu, husikii mstari ulionyooka. Sauti yake hucheza, juu kidogo na chini kidogo, kama mara tano au sita kwa sekunde. Kwa kazi hiyo sintesaiza ina osileta ya pili, ya polepole, isiyosikika yenyewe. Huitingisha ile ya kwanza, au hukitingisha kichujio. Kidogo chatosha. Wanaoanza huzidisha, sauti ikawa kama ya mtu aliye juu ya lori katika njia mbovu.

Hivyo vitu vinne, yaani wimbi, kichujio, umri na kutingisha, vilikusanywa katika chombo kimoja na watu wengi, lakini jina litajwalo zaidi ni la Mmarekani Robert Moog. Mwaka 1964, akishirikiana na mtunzi wa muziki Herbert Deutsch, aliunda sintesaiza ya kwanza ya namna yake. Zile za mwanzo zilikuwa kama kabati, na sehemu zake ziliungwa kwa waya nyingi zilizoning'inia mbele. Mwaka 1970 ikatoka ndogo, Minimoog, ambayo mtu mmoja aliweza kuibeba. Vifundo vyake vimepangwa kwa utaratibu wa sauti yenyewe: upande wa kushoto osileta, kisha kichujio, kisha nguvu ya sauti. Ni chombo cha kusomea. Hata programu nyingi za leo zimeufuata mpango huo.

Kisha likaja jambo lililowageuza wapigaji tabia. Mwaka 1967 John Chowning, katika chuo kikuu cha Stanford huko Marekani, aligundua kwamba wimbi moja likitingishwa na jingine kwa haraka mno, si mara sita kwa sekunde bali mamia, huzaliwa vifaranga wapya wengi, na kwa njia hiyo kengele na vyombo vya shaba huigwa vizuri. Kampuni ya Yamaha ya Japani ikaichukua hesabu hiyo, na mwaka 1983 ikatoa kinanda kilichoitwa DX7. Kilienea duniani kote. Walakini kilikuwa na vitufe badala ya vifundo, na kioo kidogo cha kusomea, hata kuunda sauti mpya ndani yake kulikuwa kazi ngumu. Kumbukumbu yake ilikuwa na sauti 32 zilizowekwa tayari. Basi wapigaji wengi wakaridhika na hizo, na nyimbo za miji iliyo mbalimbali zikawa na kinanda kile kile.

Tanga nayo ina historia yake katika mambo haya. Katika miaka ya 1960 na 1970 vyama vya Black Star na Lucky Star, ambavyo Bibi Shakila aliimba humo, vilipiga taarabu kwa gitaa la umeme na besi, mahali ambapo Unguja walishikilia kundi kubwa la fidla, kanuni na udi. Wako waliosema kwamba hiyo si taarabu. Leo watu huzitafuta sahani zao za santuri kama vito. Halafu katika miaka ya 1990 ilikuja taarabu ya kisasa, ya makundi kama East African Melody, na humo kinanda kilichukua kazi ya fidla zote. Mimi siwalaumu. Kusafirisha wapiga fidla kumi mpaka Pangani kwa harusi moja ni gharama, na kinanda huingia katika buti ya gari. Lakini mpiga fidla aliyeachwa nyumbani hapati mwanafunzi, naye akiondoka huondoka na sauti yake. Ikiwa haimo katika kinanda, wala hapana ajuaye kuiunda, imekwisha.

Hofu hiyo ndiyo iliyonirudisha kwa yule babu.

Nilijifungia siku kadhaa. Nilianza kwa kufuta kila kitu: wimbi moja, kichujio wazi, hakuna kutingisha. Mtu aanzaye apendelee kuanza hivyo, kuliko kuchukua sauti iliyotengenezwa tayari na kuichezea, maana hatajua ni kifundo gani kilichofanya nini. Tena nilijiwekea sheria ya kugeuza kifundo kimoja tu kwa wakati mmoja, na kukiandika katika daftari kabla ya kugusa kingine. Mara nyingi nilipotea, na daftari likanirudisha nyuma.

Nikachagua meno ya msumeno, kwa sababu mwili wa zumari hupanuka kuelekea chini, na ulimi wake ni wa vijani viwili vipigavyo pamoja, na chombo cha namna hiyo kina vifaranga wote, wa shufwa na wa witiri. Kichujio nikakifunga kidogo, nikaongeza kile kifundo cha kubana mpaka sauti ikalia puani. Umri: kupanda kwa muda wa sehemu 30 katika 1,000 za sekunde, kushuka hakuna, kimo kamili, kufa upesi. Nikatia na kutingisha, mara sita kwa sekunde. Nikaona ni zumari barabara. Nikachukua kinanda kidogo na spika ya betri, nikaenda barazani kwa babu.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akasema, “Hii sasa ni zumari. Ila ina mafua.”

Nikamwuliza kasoro iko wapi. Hakunieleza kwa maneno. Aliitwaa zumari yake, akakiweka midomoni kile kisahani cha chuma, akavimbisha mashavu, akapiga. Nilingoja avute pumzi, hakuvuta. Sauti ilikwenda, ikaenda, kama maji ya mfereji. Nilipomtazama karibu niliona pua yake: alikuwa akivuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma upepo uliobaki ndani yake. Mimi katika kinanda changu kila kipande nilichobonyeza kilizaa sauti mpya tangu mwanzo, hodi, hodi, hodi, kama mtu abishaye milango kumi. Yeye alibisha mara moja tu.

Tena aliteleza. Kinanda kina vipande 12 kutoka sauti hata mwenziwe wa juu, na baina ya kipande na kipande hapana kitu. Vidole vya babu vilipita baina. Na kutingisha kwake hakukuanza pamoja na sauti. Aliishika kwanza imenyooka, kisha ndipo akaichezesha mwishoni, kama mtu atiaye chumvi baada ya kuonja.

Mambo hayo matatu yote yana vifundo vyake, nikarudi nyumbani kuvitafuta. Sintesaiza nyingi huweza kuamrishwa zitoe sauti moja tu kwa wakati, na zikipokea kipande cha pili kabla kidole cha kwanza hakijaondoka, ziendeleze umri ule ule bila ya kuanza upya. Kuna kifundo cha muda wa kuteleza kutoka sauti hata sauti. Nilikiweka kidogo sana. Kuna gurudumu upande wa kushoto, mpigaji hulisukuma kwa mkono kupandisha au kushusha sauti hata pale pasipo na kipande. Hilo ni la mazoezi, halifundishwi kwa nambari. Na ile osileta ya polepole huweza kucheleweshwa, ingoje karibu nusu sekunde kabla ya kuanza kazi. Mwisho nikaongeza uvumi mdogo wa hewa, kama wa mawimbi yavunjikayo mbali, kwa kuwa zumari ya kweli haikosi pumzi ivujayo. Kuhusu mwangwi, nilitia mwingi hata sauti ikawa kama itokayo katika mapango ya Amboni, kisha nikautoa wote. Zumari hupigwa uwanjani.

Mara ya tatu nilifika alasiri, na wajukuu walikuwa wamejaa barazani. Babu hakusema neno. Alipiga kipande kifupi cha wimbo wa harusi, akaniashiria kwa macho nimjibu. Nikamjibu. Akapiga kingine, kirefu, chenye kona nyingi. Nikajibu, nikakosea kona mbili, gurudumu likanishinda. Akapiga tena taratibu, mpaka nikazipata.

Jirani mmoja, mama wa makamo, akachungulia juu ya ua na ungo wake mkononi.

“Babu, leo mmekuwa wawili?”

“Mmoja na nusu,” akasema babu, akaendelea kupiga.